Mwanafunzi kaandika "msimulizi hana kosa, alikuwa anakula". Nimpe ngapi?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nakwenda moja kwa moja.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tano, mkoani Morogoro. Wiki iliyopita nilitoka kidogo nje ya mtaala nikawapa shairi la Niyi Osundare wa Nigeria, "Not My Business". Kwa ambao hawajalisoma: kuna mtu anatuhadithia mambo ya mtaani kwake. Asubuhi moja wanakuja, wanamchukua Akanni, wanampiga mpaka analainika kama udongo wa mfinyanzi, wanamsokomeza kwenye tumbo la jipu (gari, Jeep) lililokuwa likisubiri. Usiku mwingine wanaiamsha nyumba nzima kwa mabuti, wanamburuta Danladi nje, anapotea muda mrefu. Siku nyingine Chinwe anafika kazini, anakuta kazi hana. Kila baada ya tukio msimulizi anarudia kitu kilekile: yananihusu nini mimi, mradi hawajanitoa kiazi mdomoni? Ubeti wa mwisho ni jioni. Ameketi ale kiazi chake, mlango unagongwa, mkono unaganda hewani. Jipu liko nje kwenye bustani yake, linasubiri kimya kama kawaida yake. Basi, shairi limeisha hapo.

Swali nililotoa: "Je, msimulizi anastahili lawama? Jadili." Alama 20. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, hasemi hovyo, kaandika hivi tu: "Msimulizi hana kosa. Alikuwa anakula. Wenye kosa ni wenye gari."

Mwenzangu wa idara aliyenisaidia kusahihisha kampa sifuri na kuandika pembeni kwa wino mwekundu "hujaelewa shairi". Mimi sina uhakika kama hajaelewa. Alama napeleka Jumatatu. Nimpe ngapi?

#2 Ngoja Nione
Nimekaa pale na kahawa yangu. Ngoja waje wajuzi.

#3 Daktari wa Baiskeli
Mwalimu, hilo jipu lililokuwa likisubiri, lilikuwa likisubiri kutumbuliwa?

#4 Kalamu Nyekundu
Na mimi ni mwalimu, miaka 19 chaki mkononi. Sifuri ni kali, lakini zaidi ya 3 usimpe. Neno "jadili" halijibiwi kwa sentensi tatu.

Pili, hajaiona kejeli. Shairi zima linamcheka huyo msimulizi. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Huyu kanyolewa mwenzake wa kwanza, wa pili, wa tatu, yeye anatafuna. Osundare alikuwa anawasema Wanigeria walionyamaza wakati wa Jenerali Abacha, enzi alizonyongwa mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake. Usipolijua hilo huwezi kulielewa shairi.

#5 Mama Wawili UK
Shairi hili nalijua vizuri. Mwanangu wa kwanza alilisoma huku Uingereza kwa mtihani wa sekondari, GCSE, lilikuwa kwenye mkusanyo wa AQA, bodi ya mitihani, lile fungu la mashairi ya tamaduni mbalimbali. Nilikaa naye mezani usiku kucha. Walichofundishwa ni jibu moja tu: kutojali kunamrudia mtu. Akaliandika, akafaulu. Nilipomuuliza Chinwe ni mwanamke au mwanaume, hakujua. Na kiazi alidhani ni hiki cha chipsi.

Mimi kilichonigusa ni majina. Akanni ni Myoruba, Danladi ni Mhausa, Chinwe ni Muigbo. Makabila makubwa matatu ya Nigeria, kila moja limetoa mtu wake. Huyu msimulizi hana jina. Najiuliza kama alikuwa anasema moyoni "hao si wa kwetu".

#6 Mwanaibadani
Wakuu, mimi nilikaa Ibadan miaka minne kimasomo, naomba niweke sawa mambo kadhaa.

Kalamu Nyekundu #4, hilo la Abacha linasemwa sana hata kwenye vitabu vya kudesa, lakini tarehe zinalikataa. Shairi limo kwenye "Songs of the Season", kitabu cha mwaka 1990. Abacha alichukua nchi tarehe 17 Novemba 1993. Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa tarehe 10 Novemba 1995. Hivyo shairi lilitangulia. Aliyekuwa madarakani mwaka 1990 ni Babangida, aliyempindua Buhari Agosti 1985. Na jipu lenyewe lina sheria yake: Amri Namba 2 ya mwaka 1984, ya Buhari, iliyoruhusu mtu kuwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani. Babangida alipoingia aliifuta Amri Namba 4 iliyokuwa inawafunga waandishi wa habari, watu wakampigia makofi. Namba 2 akaiacha. Danladi kapotelea humo.

Tena mashairi ya kitabu kile yalitokana na safu ya gazeti, Sunday Tribune la Ibadan, aliyoianza mwaka 1985. Yaani aliandika ili mtu asome Jumapili asubuhi akiwa na kifungua kinywa mbele yake. Hebu lisome tena ukiwa unatafuna.

(Na Danladi kwa Kihausa ni mvulana aliyezaliwa Jumapili. Sijui kama alikusudia, mimi huwa nacheka peke yangu.)

Kiazi ni kiazi kikuu, na kwa Osundare si chakula tu. Yeye ni wa Ikere-Ekiti, mtoto wa mkulima. Watu wa Ekiti Wayoruba wenzao huwatania kwa kupenda kiazi kikuu cha kutwanga. Kuna msemo wa Kiyoruba kwamba kiazi cha kutwanga ndicho chakula, ugali wa unga wa kiazi kikavu ni dawa tu. Sasa mtu wa Ekiti akikwambia "mradi hawajanitoa kiazi mdomoni", anakwambia mradi hawajanitoa roho.

#7 Ngoja Nione
Uzi umeanza kunoga. Naongeza kahawa.

#8 Kalamu Nyekundu
Asante kwa tarehe, #6, nimejifunza. Nimefundisha kosa miaka mingi, ndiyo kazi yetu. Ila hoja yangu ya kejeli ipo palepale. Abacha au Babangida, aliyenyamaza kanyamaza.

#9 Binti Makunduchi
Assalaam alaykum. Nyie mmeshaanza kumhukumu mtu hata jina la shairi hamjalipatia Kiswahili. "Si kazi yangu"? Hilo la mtu aliyeambiwa afagie ofisi. "Hayanihusu"? Baridi. Kwetu mtu akitaka kujivua kabisa husema halinihusu ndewe wala sikio. Hapo umefunga na mlango.

Na jambo jengine. Kiingereza lazima kiseme "they", neno zima linasimama pale peke yake, unaliona. Kiswahili hakina haja. Walimchukua. Hiyo "wa" ndogo imekaa mbele ya kitenzi, haina uso, haina cheo, haina sare. Shairi hili lingeandikwa kwa Kiswahili lingetisha zaidi. Walimchukua, walikuja, walimburuta. Nani? Wao.

#10 Daktari wa Baiskeli
Kwetu hao tayari wana jina rasmi: wasiojulikana 😂

#11 Ngoja Nione
#10 taratibu, wasimamizi watatufungia uzi na mimi sijamaliza kahawa.

#12 Fundi Saa
Mimi si mtu wa fasihi, natengeneza saa Kariakoo, ila nimelisoma hilo shairi baada ya kuona uzi. Nakubaliana na kijana.

Mnasema ubinafsi. Mimi naona njaa. Ukitazama mwaka, 1986 ndipo Babangida alipoleta mpango wa kurekebisha uchumi. Mwaka 1985 naira moja ilikuwa inazidi dola. Mwaka 1990 ilihitajika naira kama 8 kupata dola moja. Sisi tuliopanga foleni za sukari kwenye maduka ya serikali ya RTC miaka ya themanini tunajua mtu anavyoshika chakula chake. Hauangalii kushoto wala kulia. Unaangalia sahani. Mtu wa namna hiyo unamwambia akapigane na jeshi kwa ajili ya jirani?

#13 Chumvi Kiasi
#12 hapo nakukatalia fundi. Soma mstari wa karibu na mwisho. Jipu linasubiri juu ya nini? Juu ya "lawn" yake. Mtu ana nyumba yenye bustani ya nyasi zilizokatwa. Mwenye njaa angekuwa ameshapanda mchicha pale. Huyu ni mtu wa ofisini, mshahara unaingia, kiazi kinapikwa na mtu mwingine. Kwa hiyo jibu lako la njaa halisimami. Na ndiyo maana analaumiwa: alikuwa na kitu cha kupoteza na alijua.

#14 Fundi Saa
Mwenye bustani ndiye anayeogopa zaidi kurudi kwenye foleni. Muulize aliyewahi kupanda daraja.

#15 Daktari wa Baiskeli
Mimi bustani yangu ina nyasi ndefu. Jipu likija halitaonekana.

#16 Mwanaibadani
Nilisahau moja. Kuna watafsiri nimeona wanatafsiri "no query" ya Chinwe kuwa "bila swali". Siyo. Kwenye ofisi za Nigeria hilo neno lina maana maalumu, ni ile barua unayopewa ujieleze kabla hujachukuliwa hatua. Yaani barua ya kujieleza. Chinwe hakupewa barua ya kujieleza, hakupewa onyo, hakuna uchunguzi. Rekodi yake ni safi na kaondolewa kwa usafi huohuo. Ubeti huu watu huuruka kwa sababu hauna damu, mimi naona ndio mbaya kuliko yote. Akanni walimpiga. Chinwe hawakumgusa.

#17 Mama Wawili UK
#16 asante, hiyo ya barua hata mwalimu wa mwanangu hakuijua.

#18 Chumvi Kiasi
Ya Chinwe nimeiona kwa macho yangu. Kampuni siitaji. Dada mmoja wa hesabu, meza yake na yangu zinagusana, kikombe chake cha maua tulikuwa tunaazimana. Jumatatu tumefika, kompyuta yake haipo, waya tu unaning'inia. Mlinzi yuko mlangoni na boksi. Yule dada aliuliza mara moja tu, "nimefanya nini?" Ofisi nzima tukatazama vioo vyetu. Mimi nilikuwa nafungua faili lilelile, nalifunga, nalifungua. Kikombe kikabaki kwangu. Ninacho mpaka leo, sijawahi kukinywea.

Kwa Kiswahili chetu aliyefukuzwa kazi tunasema kamwaga unga. Angalieni hapo. Lugha yenyewe inajua kwamba kazi na chakula ni kitu kimoja. Osundare kasema kiazi, sisi tunasema unga.

#19 Kalamu Nyekundu
#18 pole. Lakini si umekiri mwenyewe? Unajilaumu. Basi na msimulizi alaumiwe.

#20 Chumvi Kiasi
Najilaumu mimi. Sijampa mwalimu mwenzako ruhusa ya kunipa sifuri.

#21 Likoni Ferry
Hamjambo wa bara. Mbona nyote mwazunguka, hili shairi ni lile la mchungaji wa Kijerumani limepakwa mafuta ya mawese. "Walikuja kuwachukua wakomunisti, sikusema kitu", mpaka mwisho wamemjia yeye. Kaiga tu.

#22 Mwanaibadani
#21 ndugu yangu, Martin Niemöller hakuandika shairi. Yalikuwa maneno ya hotuba zake baada ya vita, kuanzia mwaka 1946, akiyabadilisha kila anaposimama. Ndiyo maana kila ukuta umeandikwa orodha yake: kwingine wakomunisti wamo, kwingine wameondolewa kwa sababu wenye ukuta hawawapendi. Yeye mwenyewe mwanzoni aliwapigia kura wafuasi wa Hitler, alikamatwa Julai 1937 akakaa kambini mpaka 1945. Anaungama baada ya kutoka.

Wa Osundare hajaungama kitu. Hajachukuliwa bado. Hana "baadaye" ya kusimama na kusema "nilikosea". Jipu liko nje na yeye bado yuko mezani. Tena Niemöller anasema "sikuwa mkomunisti", yaani sababu yake ni tofauti ya makundi. Huyu hasemi "sikuwa Mhausa". Anasema kiazi. Hapo naona Mama Wawili #5 amevuta kidogo.

#23 Mama Wawili UK
Sijavuta. Mtu hahitaji kulisema kabila ili alifikirie. Kwa nini basi mshairi alichagua majina matatu ya pande tatu? Angeweka Akanni, Akanbi na Akande, wote Wayoruba.

#24 Mwanaibadani
Kwa sababu jipu halichagui. Hiyo ndiyo maana yangu. Majina matatu yanasema kuhusu wenye jipu, siyo kuhusu mwenye kiazi.

#25 Binti Makunduchi
Nyote mko sawa na nyote mnakera.

#26 Mtoto wa Kaloleni
Nimesoma kimyakimya tangu juzi. Wacha nichangie.

1986 nilikuwa darasa la tano, Nairobi. Ule mwaka wa kukamata watu kwa madai ya Mwakenya, kikundi cha siri kilichoipinga serikali. Nyumba ya jirani alikaa mwalimu wa chuo, mtu wa vitabu, alikuwa ananipa kalamu zikibaki na wino kidogo. Jioni moja tuko mezani, ugali na sukuma wiki. Tukasikia Land Rover. Kila mtoto alijua ule mlio. Mzee wangu akazima redio. Halafu akazima taa. Akasema kwa sauti ya chini, "malizeni kula." Tukala gizani. Nakumbuka nikitafuta sukuma kwa vidole kwenye sahani na huku nje mlango wa jirani unapigwa. Hakuna aliyeinuka. Mamangu alikuwa ameshika kibao cha ugali, hakukiweka chini mpaka gari lilipoondoka.

Kesho yake mama alienda bombani na ndoo, akamkuta mke wa jirani, akarudi na ndoo tupu.

Yule mwalimu alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga miiba. Mzee alikutana naye langoni akamwambia, "umepotea sana siku hizi." Jirani akajibu, "nipo tu." Nimefika kwenye ubeti wa Danladi, pale pa kupotea kwa muda mrefu, nikaifunga simu.

Kwa hiyo mnapouliza kama msimulizi ana kosa, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa na ugali mdomoni.

#27 Ngoja Nione
Kahawa imepoa.

#28 Fundi Saa
#26 pole sana kaka. Mzee alikuwa na watoto wangapi mezani?

#29 Mtoto wa Kaloleni
Watano.

#30 Fundi Saa
Basi mimi sina la kuongeza kwenye #12.

#31 Mwalimu wa Zamu
Nashukuru wote, sikutegemea. Mwongozo niliouandika mwenyewe niliwagawia alama hivi: kejeli 5, kiitikio na kurudiarudia 5, taswira 5, msimamo 5. Kijana ana msimamo tu.

Ila leo nilimwita nikamuuliza kwa nini kaandika kifupi. Akaniambia: "Mwalimu, swali lako limemuuliza mtu mmoja tu. Wenye gari hujawauliza." Nikamwambia shairi haliwataji wenye gari. Akasema, "Ndiyo, na wewe hujawataja."

Nikarudi ofisini nikatazama karatasi ya maswali. Maswali manne. Moja kuhusu msimulizi, moja kuhusu kiazi, moja kuhusu kiitikio, moja kuhusu majina. Ni kweli.

#32 Kalamu Nyekundu
Kijana ni mjanja, nakubali. Lakini huo ujanja angeuweka kwenye karatasi. Hatusahihishi mazungumzo ya ofisini.

Na naomba niulizwe na mimi: kama kila mtu ana hofu yake, ana watoto wake watano, ana bustani yake, basi ni nani aliyewahi kusema kitu duniani? Walikuwepo. Na wao walikuwa na viazi.

#33 Likoni Ferry
Hapo Kalamu umenena, na mfano tunao hapa nyumbani, hatuna haja ya kwenda Ujerumani (nimeshasahihishwa, nimeshukuru). Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa. 1968 akaandika "Kenya: Twendapi?" Karatasi tu ya kuuliza swali. Miaka mitatu jela, 1969 hadi 1972, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Huko ndani akatunga "Sauti ya Dhiki", mashairi mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mojawapo laitwa "Siwati". Siwati! Sikiachi nikishikacho. Weka hilo mkono wa kulia na "halinihusu ndewe wala sikio" mkono wa kushoto, usomeshe yote mawili siku moja.

Na kichekesho cha Kenya: mwaka 1974 kitabu kikapewa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Jina la aliyekuwa rais alipofungwa.

#34 Daktari wa Baiskeli
Yaani wamemtoa kiazi mdomoni halafu wakamrudishia na sahani.

#35 Binti Makunduchi
#34 leo umesema la maana, andika tarehe.

Lakini Likoni, usifanye kama lugha yetu yote ni ya mashujaa. Tunayo mwenzako akinyolewa tia maji, tunayo na pilipili usozila zakuwashiani? Tunayo na funika kombe mwanaharamu apite. Hizi tumefundishwa na bibi zetu kwa upole kabisa, kwa mapenzi. Msimulizi wa Osundare angekaa barazani kwetu angeambiwa ana adabu. Haingilii mambo ya watu. Mwalimu, lete hilo swali darasani: methali ipi ilimlea?

#36 Mama Wawili UK
Hii napenda. Na tena mtu ukiwa na chakula mdomoni hutakiwi kusema. Si ndivyo tulivyofundishwa wote? Kiazi kinamziba mdomo kihalisi. Hata angetaka.

#37 Chumvi Kiasi
Ubeti wa mwisho hauna lile swali lake la kila siku. Beti tatu za mwanzo zina mistari saba saba, wa mwisho ni mitano. Ile mistari ya "yananihusu nini" imekatika. Mimi nasema hapo ndipo kiazi kilipotoka mdomoni na kweli akabaki hana la kusema.

#38 Mwanaibadani
#37 wengine husema imekatika kwa sababu sasa ni zamu ya jirani kuisema. Ukuta wa pili kuna mtu amesikia jipu, na yeye anakula.

#39 Chumvi Kiasi
Aisee.

#40 Daktari wa Baiskeli
Turudi kwenye mambo ya msingi. Viazi vikuu Dar vinapatikana wapi na vinapikwaje? Uzi umenitia njaa.

#41 Binti Makunduchi
Njoo Unguja mwezi wa Ramadhani. Unamenya, unakata vipande, unachemsha kwa tui la pili na chumvi, karibu kuiva unamimina tui zito. Usikoroge sana, vinavurugika. Jipake mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu wake unawasha.

#42 Daktari wa Baiskeli
Kumbe kiazi usichokila nacho kinawasha.

#43 Kalamu Nyekundu
Mwalimu wa Zamu, Jumatatu ni kesho. Umempa ngapi?

#44 Mwalimu wa Zamu
Nimeandika 6. Nikafuta. Nikaandika 12. Nikafuta, karatasi imetoboka. Nimemwambia mwenzangu kwamba swali la nne nalibadilisha muhula ujao: "Orodhesha yote tunayoambiwa kuhusu wenye jipu." Akasema hakuna kitu cha kuorodhesha, wanafunzi wataacha ukurasa mweupe. Nikamwambia ndiyo.

Mtoto wa Kaloleni, mzee wako bado yupo?

#45 Mtoto wa Kaloleni
Yupo, ana miaka themanini na mbili, yuko kijijini na masikio bado mazuri. Nimempigia jana baada ya kanisa. Nikamsomea shairi lote, nikilitafsiri nikienda, kiazi nikasema ugali. Akanyamaza. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile jioni ya jirani. Akasema anaikumbuka vizuri, umeme ulikatika.